Tarehe 2 Oktoba: Lango la Baitul Muqaddas, Deni la Pretoria na Simu za Conakry



Safu hii kwa kawaida haihitaji kutafuta sababu. Tarehe hufika, nasi hufungua vitabu tukatazama nani alizaliwa siku hiyo, nani alifariki, na mji gani ulibadilisha bendera. Juma hili sababu imekuja yenyewe, nayo imetoka nyumbani. Mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, alimkopesha mdogo wake mtaji wa duka. Duka likafa, deni likabaki, na ndugu wawili waliolala kitanda kimoja utotoni wakafikishana mahakamani. Mkubwa ameshinda. Alikuja kwangu na karatasi ya hukumu ili nimsomee vizuri: mdogo alipe deni lote kwa mkupuo au ahame na kuikabidhi nyumba aliyoiweka rehani. Siku ya mwisho ni tarehe 2 Oktoba.

Nilipoiona tarehe hiyo nilitabasamu kwa mazoea ya kazi yangu, kisha tabasamu likanitoka. Tarehe hiyo naifahamu. Kila nikiifungua namkuta mtu mwenye haki mkononi, na mwenzake yuko chini yake.

Tuanze na iliyo kongwe. Ijumaa ya tarehe 2 Oktoba 1187, sawa na mwezi 27 Rajabu mwaka 583 Hijria, Sultani Salahuddin Al-Ayyubi aliingia Baitul Muqaddas. Wale wapendao kukokotoa tarehe wajue kuwa hiyo ni hesabu ya kale ya Wazungu, kabla haijarekebishwa mwaka 1582 kwa kurukwa siku kumi. Kwa kalenda yetu ya ukutani ingesomeka tarehe 9. Watu wa zama zile waliishika zaidi hesabu ya Rajabu, kwa kuwa usiku wa mwezi 27 ndio unaoadhimishwa na wengi kuwa usiku wa Israa na Miraji, japokuwa wanazuoni wamehitilafiana juu ya tarehe yake.

Mji ule ulikuwa mikononi mwa Wapiganaji wa Msalaba kwa miaka 88. Waliutwaa tarehe 15 Julai 1099, wakawaua wakazi wake, Waislamu na Mayahudi, mitaani na katika nyumba za ibada. Salahuddin, Mkurdi mzaliwa wa Tikrit, alikuwa amelivunja jeshi lao huko Hattin mwezi Julai 1187, na ilipofika Septemba 20 akapiga kambi mbele ya kuta za mji.

Aliyeongoza ulinzi ndani ya mji alikuwa Balian wa Ibelin, na kisa chake kinastahili kusimuliwa katika kurasa hizi za familia. Baada ya kushindwa Hattin aliomba ruhusa ya kuingia mjini akamchukue mkewe na watoto wake, akaapa kwamba angelala usiku mmoja tu na hatashika silaha. Alipoingia, watu walimsihi abaki awaongoze. Akamwandikia Salahuddin kumwomba amfungue na kiapo kile. Sultani akamfungua, na zaidi ya hapo akampa mkewe na watoto walinzi wa kuwafikisha salama mahali pa amani. Hivyo basi adui aliyekuwa anajiandaa kupigana naye alikuwa na familia iliyolindwa na askari wake mwenyewe.

Tusiipambe habari hii kupita ukweli wake. Balian alipotoka kuomba masharti, jibu la kwanza la Salahuddin lilikuwa kwamba atawatendea kama wao walivyowatendea Waislamu mwaka 1099. Ndipo Balian akasema kwamba ikiwa hawana tumaini la kuishi, watawaua mateka wa Kiislamu waliomo mjini, maelfu yao, na watabomoa Kuba ya Mwamba na Msikiti wa Al-Aqsa, kisha watatoka kupigana mpaka wa mwisho. Sultani akashauriana na watu wake, akalegeza. Huruma ile ilizaliwa ndani ya mapatano, kila upande ukipima hasara yake. Kwangu mimi haipungui thamani kwa sababu hiyo. Mwenye nguvu anayekubali kusikiliza hoja ya aliyezingirwa amekwisha kupiga hatua ambayo wengi hawaipigi.

Masharti yakawa fidia: mwanamume dinari kumi, mwanamke tano, mtoto chini ya hapo, katika muda wa siku 40. Kwa mafukara ikatolewa jumla ya dinari 30,000 kuwakomboa watu wapatao 7,000. Wengine wengi wakabaki bila kitu. Al-Adil, nduguye Salahuddin, akaomba apewe watu 1,000 kuwa fungu lake. Alipopewa akawaacha huru papo hapo. Salahuddin mwenyewe akaamuru wazee wasio na uwezo watoke bure. Patriaki wa mji, kwa upande wake, alilipa dinari zake kumi kama kila mtu, akatoka na mizigo ya dhahabu na mazulia, ilhali maskini wa kanisa lake walikuwa wamepanga foleni ya utumwa. Maafisa wa Sultani walimtaka azuie mali ile. Akakataa, kwani sharti lilikuwa dinari kumi, na dinari kumi zilikwisha kulipwa.

Walibaki maelfu wasiokombolewa, nao walichukuliwa utumwani. Vitabu vyetu vya watoto huliruka jambo hili. Mimi sioni faida ya kuliruka, maana mtoto atakuja kulisoma kwingine na kudhani tulimficha.

Kanisa la Kaburi halikubomolewa, ingawa wapo walioshauri hivyo. Wakristo wa mashariki waliruhusiwa kubaki, na Mayahudi wakaruhusiwa kurudi. Ijumaa ile haikuwezekana kuswali ndani ya Al-Aqsa, kwani msikiti ulikuwa umegeuzwa makazi na bohari. Ulihitaji kubomolewa kuta zilizoongezwa, kufagiliwa na kuoshwa kwa maji ya waridi. Hotuba ya kwanza ilisomwa Ijumaa iliyofuata, mwezi 4 Shaabani, na kadhi Muhyiddin ibn az-Zaki. Baadaye ililetwa kutoka Halab mimbari ambayo Nuruddin Zangi aliwaagiza mafundi waitengeneze takriban miaka ishirini kabla ya ushindi, akiwa hana hata kijia cha kuupata mji. Nuruddin hakuiona ikipandwa. Mimbari hiyo ilidumu mpaka tarehe 21 Agosti 1969, ilipoteketezwa kwa moto na mchomaji kutoka Australia. Iliyopo leo ni mpya, iliyowekwa mwaka 2007 kwa kuigwa ile ya zamani.

Upole ule ulikuwa na gharama. Mashujaa wengi walioachiwa katika miji mbalimbali walikusanyika Sur, bandari iliyobaki mikononi mwao, na kutoka hapo wakaenda kuuzingira mji wa Akka. Mwanahistoria Ibn al-Athir, aliyeishi zama zile, alimlaumu waziwazi Salahuddin kwa hilo. Akka iliangukia mikononi mwa Mfalme Richard wa Uingereza mwaka 1191, naye akawachinja mateka wa Kiislamu wapatao 2,700 nje ya mji. Anayesema kuwa msamaha hulipwa msamaha papo hapo hajaisoma miaka ile minne. Salahuddin alifariki Damascus mwezi Machi 1193. Kadhi wake, Ibn Shaddad, ameeleza kwamba katika hazina yake binafsi ilikutwa sarafu moja ya dhahabu na dirhamu 47 za fedha.

Sasa turuke karne nyingi. Tarehe 2 Oktoba 1869, katika mji wa Porbandar, magharibi mwa India, alizaliwa Mohandas Karamchand Gandhi. Umoja wa Mataifa umeifanya siku yake kuwa Siku ya Kimataifa ya Kupinga Matumizi ya Nguvu, tangu mwaka 2007. Wengi wanamjua kwa maandamano ya chumvi na gurudumu la kusokotea nyuzi. Wachache wanajua kwamba aliyemleta Afrika alikuwa mfanyabiashara wa Kiislamu.

Mwaka 1893 Dada Abdulla, mzaliwa wa Porbandar aliyetajirika Durban, alikuwa na kesi kubwa ya madai Pretoria, nao mawakili wake Wazungu hawakukielewa Kigujarati kilichoandikiwa daftari za hesabu. Akaajiriwa kijana huyu, wakili asiye na kazi, kwa mkataba wa mwaka mmoja. Safari yake ilipita Lamu, Mombasa na Zanzibar, ambako alikaa siku nane au kumi akisubiri meli nyingine. Ilikuwa katika safari ya kesi hiyo ndipo aliposhushwa kwa nguvu kutoka katika behewa la daraja la kwanza pale Pietermaritzburg, akiwa na tikiti halali mkononi. Kisa hicho kinajulikana. Mwisho wa kesi yenyewe hautajwi sana, nao ndio nilioutaka.

Mdaiwa, Tyeb Sheth, alikuwa jamaa ya Dada Abdulla na mtu wa mji uleule. Gandhi alizipekua daftari na kuona kwamba mteja wake ana haki. Akaona pia kuwa kesi ikiendelea, ada za mawakili zitawala wote wawili. Akawafuata mmoja baada ya mwingine mpaka wakakubali kumkabidhi mwamuzi shauri lao. Dada Abdulla akashinda: pauni 37,000 pamoja na gharama. Mdaiwa hakuwa na uwezo wa kuzitoa zote kwa pamoja, na kwa wafanyabiashara wa Kimemoni wa huko kufilisika kulikuwa aibu ambayo mtu angeona heri afe. Basi kazi iliyobaki ikawa kumshawishi mshindi. Gandhi ameandika kwamba ilikuwa ngumu kuliko kuwapeleka kwa mwamuzi. Hatimaye Dada Abdulla akakubali kulipwa kwa awamu. Aya ya 280 ya Suratul Baqara, inayoagiza mdaiwa mwenye dhiki apewe muhula, inasomwa na kila mmoja wetu. Huyu aliitekeleza akiwa na hukumu mfukoni.

Nisimgeuze Gandhi walii. Maandishi yake ya miaka ya mwanzo huko Afrika Kusini yana maneno ya dharau juu ya Waafrika, na hilo halifutiki. Inafaa pia kukumbukwa kwamba katika mkutano wa Johannesburg wa tarehe 11 Septemba 1906, alipoanza upinzani wake dhidi ya sheria za kuwadhalilisha Wahindi, aliyesimama kutaka watu waape kwa jina la Mwenyezi Mungu alikuwa Mwislamu, Sheth Haji Habib. Gandhi mwenyewe amekiri kwamba jambo hilo lilimshtua.

Tarehe hiihii, mwaka 1904, alizaliwa pia Lal Bahadur Shastri, Waziri Mkuu wa India wakati wa vita na Pakistan mwaka 1965. Tarehe 10 Januari 1966 alitia saini mapatano ya amani na Rais Ayub Khan mjini Tashkent, akafariki usiku uleule.

Miaka 54 baada ya kuzaliwa kwake, tarehe 2 Oktoba 1958, Guinea ilitangaza uhuru wake. Jenerali de Gaulle alikuwa ameyaambia makoloni ya Ufaransa kwamba atakayetaka kujitenga apige kura ya hapana. Tarehe 28 Septemba watu wa Guinea, wengi wao Waislamu, wakapiga hapana kwa zaidi ya asilimia 95, chini ya uongozi wa Ahmed Sékou Touré, aliyejinasibu na ukoo wa Samori Touré. Samori ndiye aliyepigana na Wafaransa kwa miaka mingi mpaka wakamkamata tarehe 29 Septemba 1898, miaka 60 kasoro siku moja kabla ya kura ile.

Ufaransa ilikuwa imeahidi kuheshimu jibu. Ikaondoka kwa hasira. Walimu, madaktari na makarani waliitwa nyumbani kwa mara moja. Simu ziling'olewa ukutani, mafaili yakachomwa, vifaa vikapakiwa melini. Ghana ya Nkrumah ikaikopesha nchi hiyo changa pauni milioni kumi. Ningependa kuishia hapo na kumwacha Sékou Touré akiwa upande wa waliodhulumiwa, lakini alitawala miaka 26, na katika kambi yake ya Boiro walikufa wananchi wengi. Mmoja wao alikuwa Diallo Telli, Katibu Mkuu wa kwanza wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika, aliyenyimwa chakula na maji mpaka akafa mwaka 1977. Aliyeng'olewa simu naye alipata wa kuwafungia milango.

Na ya karibu kabisa: tarehe 2 Oktoba 2018 mwandishi wa Saudia, Jamal Khashoggi, aliingia katika ubalozi mdogo wa nchi yake mjini Istanbul kuchukua karatasi za kumwezesha kuoa. Mchumba wake alimngojea nje. Aliuawa humo ndani, na mwili wake haujapatikana.

Mpwa wangu alirudi Jumapili kuchukua karatasi yake. Nilimsomea habari ya deni la Pretoria, sikuongeza neno langu. Alikaa kimya akiikunja na kuikunjua ile hukumu, kisha akaniuliza, "Mjomba, hizo awamu walimpa za muda gani?"

Nikamwambia kitabu kinasema ni muda mrefu sana.