Mashua Ikipandishwa Ufukoni, Petroli Iliyobaki Iende Wapi?

Katika nchi za baridi kama Canada na Sweden, maziwa mengi huganda barafu, na mwenye mashua ya injini hulazimika kuipandisha nchi kavu kwa miezi kadhaa. Kabla ya kuifunika, hushughulikia kwanza mafuta yaliyobaki ndani yake. Maji ya Ziwa Tanganyika hayagandi, lakini mashua za huko nazo hupumzishwa. Mwaka 2024, kwa mfano, uvuvi wa upande wa Tanzania ulifungwa tangu 15 Mei hadi 15 Agosti, ili dagaa na migebuka wapate nafasi ya kuzaana. Katika pumziko la namna hiyo, injini hukaa miezi mitatu bila kazi, na petroli iliyobaki hutafutiwa mahali.

Si ajabu kukuta familia ya askari yenye hisa katika mtumbwi wa injini pamoja na shemeji au jirani. Siku ya mwisho ya kuvua, injini hufunguliwa na kubebwa nyumbani, na dumu la lita 20 lililojaa nusu hufuata nyuma. Hapo ndipo shida inapoanza. Petroli ni mali ya fedha nyingi, na wezi wapo. Kwa hiyo baba wa nyumba huona hapana mahali salama kuliko uvunguni mwa kitanda. Hofu yake ya wezi ni ya haki, lakini mahali alipochagua ni pabaya kuliko pote.

Petroli haingojei moto uiguse. Hutoa mvuke unaoweza kuwaka hata katika baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri, na mvuke huo ni mzito kuliko hewa mara tatu au zaidi. Kwa sababu hiyo haupandi na kutokea dirishani kama moshi wa kuni. Hushuka chini, hutambaa sakafuni, hupita chini ya mlango na kuingia chumba cha pili. Jiko la mkaa nalo liko papo hapo sakafuni. Mama anayepuliza mkaa jioni hawezi kuuona mvuke huo, na akishazoea harufu yake huenda asiitambue tena. Katika nyumba za kambi zilizopangwa mstari mmoja, ukuta kwa ukuta, moto wa chumba kimoja huwa moto wa jamaa wote wa mstari ule.

Kosa la pili hutokea kimyakimya, nalo ni kubwa zaidi: petroli kumiminwa katika chombo cha mafuta ya taa. Mafuta ya taa kwa kawaida hayatoi mvuke wa kutosha kuwaka mpaka yafikie joto la nyuzi 38 au zaidi, na ndiyo maana kibatari huwaka kwa utulivu. Petroli kidogo ikichanganyika nayo, utulivu huo hutoweka, na taa yaweza kulipuka mkononi mwa mtoto anayesoma. Hatari huzidi kwa petroli ya injini za mashua ambazo oili yake huchanganywa ndani ya mafuta, kwani hubadilika rangi na haitambulikani upesi. Basi chombo chake kiwe kimoja, cha kuhifadhia petroli, kiandikwe neno PETROLI kwa herufi kubwa, wala kisiwe chupa ya soda au dumu lililotoka na mafuta ya kula.

Lililo bora ni kutobaki na petroli kabisa. Mwenye mashua anayejua tarehe ya kufunga aanze kupunguza manunuzi wiki mbili kabla, ili safari za mwisho zimalize akiba. Ikibaki petroli tupu, isiyotiwa oili, itumike mapema katika pikipiki au jenereta. Iliyotiwa oili haifai kwa pikipiki nyingi za siku hizi. Na auziwe mwenye mashua ya abiria yenye injini ya aina ile ile. Kuimwaga ziwani au nyuma ya nyumba ni ubaya usio na udhuru, maana maji yatakayochafuka ni yale yale yanayotekwa kwa ndoo.

Ikiwa hapana budi kuiweka, iwekwe nje, katika kibanda chenye kivuli na kupitisha hewa, mbali na jiko, kifungwe kwa kufuli. Dumu lisijazwe mpaka mdomoni, kwa kuwa petroli huvimba kwa joto la mchana. (Bohari ya kambi si jibu. Mtunza bohari akikataa mali ya mtu binafsi, asinuniwe. Anatimiza wajibu wake.)

Injini nayo isisahauliwe. Petroli ikikaa muda mrefu ndani ya kabureta, sehemu zake nyepesi hupotea hewani, na zile zinazobaki hugeuka kama utomvu unaoziba vitundu vyembamba. Kwa hiyo, kabla ya kuhifadhiwa, injini isimamishwe katika pipa la maji safi, kwa maana pampu yake huharibika ikizunguka pakavu. Kazi hiyo ifanywe nje, mbali na moto. Ikishawashwa, mpira wa mafuta uchomolewe na injini iachwe ingurume mpaka izimike yenyewe. Kisha skrubu iliyo chini ya kabureta ifunguliwe ili matone ya mwisho yatoke, na matone machache ya oili yatiwe katika tundu la plagi.

Katika kuhamisha mafuta, wapo wanaoyavuta kwa mdomo kupitia mpira. Desturi hiyo haifai kabisa. Tone moja likiingia mapafuni laweza kuleta maradhi makubwa ya kifua. Mtoto aliyekunywa petroli asitapishwe, maana anapotapika ndipo inapopata njia ya kwenda mapafuni; apelekwe hospitali mara moja, hata kama anaonekana mzima.

Ziwa litakapofunguliwa, petroli ya zamani itazamwe kwanza katika chupa ya kioo. Ikiwa ina maji, yatakuwa yametuama chini. Ikiwa imekuwa nyeusi na kutoa harufu chungu kama ya rangi ya mbao, isitiwe injinini. Chujio lifunguliwe na kusafishwa, plagi ikaushwe, na mafuta ya safari ya kwanza yawe mapya.