Anwani Moja, Nyumba Nzima

Watu wa Likoni, Kisauni na Changamwe hawana haja ya kufundishwa jinsi umati unavyoweza kutumia anwani moja. Nyumba nyingi huko hazina namba. Mkazi wa Mtongwe aliyengojea barua aliazima sanduku la posta la shule, la msikiti au la mwajiri wake, na barua ilipofika, mwalimu mkuu alitazama jina akampa mtoto aipeleke nyumbani. Sanduku lilikuwa moja, wenye barua wengi.

Desturi hiyo imerudi kwa njia ya intaneti, ingawa wengi wetu hatujaitambua. Chukua nyumba ya vyumba sita pale Kisauni. Mpangaji mmoja amelipia intaneti, wenzake wanamchangia kila mwezi, na kile kisanduku chenye vitaa, yaani rauta, kimewekwa ukumbini. Rauta ndiyo mwalimu mkuu wetu. Kila simu ndani ya nyumba huipa namba ya ndani, kwa mfano 192.168.1.5, namba ambayo haina maana yoyote nje ya mlango, kwani nyumba ya Changamwe na nyumba ya Tokyo zaweza kuwa nayo kwa wakati mmoja. Simu ikituma ombi, rauta hufuta namba ya ndani, huandika anwani yake yenyewe, kisha hutia alama katika daftari lake ili jibu likirudi ijue ni la chumba gani.

Kwa nini taabu yote hii? Kwa sababu anwani za mpango wa zamani, ambao bado unatumika, ni kama bilioni 4.3 tu, nazo hazitoshi hata mtu mmoja mmoja duniani. Mwaka 1994 Kjeld Egevang na Paul Francis walitoa pendekezo la kuzitumia anwani upya kwa namna hii, nao wenyewe waliliita suluhisho la muda mfupi. Miaka zaidi ya 30 imepita, na dawa ya kutuliza imegeuka kuwa chakula cha kila siku.

Sikatai faida yake. Bila mpango huu wapangaji wa vyumba sita wangelipa mara sita. Lakini tusijidanganye: mlango huu hufunguka kutoka ndani tu. Daftari la rauta lina majina ya waliouliza. Mgeni anayebisha hodi bila kuitwa hana mstari wake, na ombi lake hutupwa. Wako wasemao kwamba huo ni ulinzi. Ni kweli kwa kiasi, ila ulinzi ni kazi ya mlinzi, na mlinzi mwema huweza pia kumruhusu mgeni apite.

Isitoshe, lawama nazo ni za shirika. Mmoja akivuruga katika tovuti fulani, anwani ikafungiwa, nyumba nzima imefungiwa. Na tangu Kenya ilipopitisha sheria ya makosa ya kompyuta mwaka 2018, aliyelipia hana budi kufikiri, maana anwani humfikisha mpelelezi kwake kwanza, si kwa mpangaji wa chumba cha nyuma.

Kwa upande wa utamaduni, hapo ndipo linaponikera zaidi. Kijana mmoja wa Likoni amehifadhi katika kompyuta yake nyimbo za harusi za mtaani kwao, na angependa wasikilizaji wa Muscat au London wamfikie pale pale alipo. Angekuwa na anwani halisi, angeiamuru rauta iwaelekeze wageni kwake. Lakini kampuni nyingi za simu nazo huwaweka wateja wao nyuma ya anwani ya pamoja, hivi kwamba nyumba iko ndani ya nyumba nyingine, na daftari la nje liko mikononi mwa kampuni.

Tiba ipo. Mpango mpya wa anwani, toleo la 6, uliandikwa mwaka 1995, na una nafasi ya kutosha kwa kila simu na zaidi. Kinachohitajika ni kampuni kuufungulia wateja, na wateja kuuliza kabla ya kulipa.

Nyaya za baharini za TEAMS na SEACOM ziliingia Kenya kwa pwani ya Mombasa mwaka 2009. Kijana wetu wa Likoni amepakia nyimbo zake katika seva ya Ulaya, na kila mwezi analipa kodi yake kwa dola.