Wakili, Pesa ya Mteja Isilale Kwenye Simu Yako

Ofisi nyingi ndogo za mawakili Nyeri, Karatina na Nanyuki huanza na chumba kimoja, meza moja na laini moja ya simu. Chumba na meza hazina neno. Laini ndiyo inatutia wasiwasi.

Mtu wa Othaya ananunua shamba, anatuma amana kwa simu ya wakili. Jioni laini hiyo hiyo inalipa stima, karo na nyama. Hakuna aliyeiba, lakini baada ya miezi mitatu, nani atajua salio ni la nani?

Sisi tunaona ofisi ndogo haiuawi na uhaba wa kesi, bali na pesa kuchanganyika. Kanuni za hesabu chini ya Sheria ya Mawakili, Sura ya 16, zinataka pesa za wateja zikae kwenye akaunti yao ya benki, mbali na za ofisi. M-Pesa haikufuta kanuni hiyo.

Basi chukua Paybill mbili: moja iingize pesa kwenye akaunti ya wateja, nyingine ipokee ada uliyokwisha kuifanyia kazi na kuitolea ankara. Mteja aweke namba ya faili kama namba ya akaunti. Kila Ijumaa, linganisha taarifa na faili zako.

Nawe mteja, ukiambiwa utume amana kwa namba ya kibinafsi, uliza kwanza. Kumuuliza wakili si kumkosea heshima. Shamba ni lako.