Joto la mabati: Mzigo anaobeba mpangaji Pwani

Kila Februari na Machi zinapowadia, wakazi wengi wa Mombasa hulazimika kukaa barazani hadi usiku wa manane kwa kuwa vyumba vyao havikaliki. Lawama huelekezewa jua, ilhali tatizo lingine li juu ya vichwa vyao: paa la mabati lisilo na dari.

Sensa ya 2019 ilionyesha kuwa takriban nyumba nne kati ya kila tano nchini zimeezekwa mabati. Bati hudumu na halishiki moto kama makuti, lakini likiwa tupu hupitisha joto la adhuhuri moja kwa moja chumbani. (Si ajabu hoteli za watalii ufuoni zingali zinaezeka makuti.) Mombasa iko nyuzi nne hivi kusini mwa ikweta, na mwezi Machi jua hupita wima juu yake, hivyo paa hupigwa kuliko kuta. Kwa hivyo, anayetaka kupoza nyumba huku hana haja ya kuzijazia kuta vizuizi kama wafanyavyo Wazungu wanaokinga baridi. Dari ya plaiwudi, mianya ya kupitisha hewa kati yake na bati, na rangi nyeupe juu ya paa humfaa zaidi. Rangi ni nafuu, japo vumbi huifubaza na sharti ipakwe upya.

Mbona basi dari ni adimu? Katika mitaa kama Majengo na Kisauni, vyumba hupangishwa kimoja kimoja. Mwenye nyumba akitia dari, fedha zinamtoka yeye, naye mpangaji ndiye anayelala vyema. Asipoitia, mpangaji hununua feni na kulipia umeme kila mwezi, pamoja na ushuru wa VAT wa asilimia 16.

Isitoshe, wapo wenye nyumba wasiomiliki ardhi iliyo chini ya nyumba zao. Huu ni mfumo wa tangu jadi Mombasa, ambapo mwenye nyumba humlipa mwenye ardhi kodi ya uwanja. Nani atatia dari nyumba anayoweza kuamriwa kuibomoa?

Tangu Machi 2024, sheria inawakata wafanyakazi asilimia 1.5 ya mishahara kugharimia makao ya bei nafuu. Hata hivyo, fedha hizo zimekusudiwa hasa nyumba mpya. Mwenye paa kuukuu Kisauni akiendea mkopo wa kununua plaiwudi, benki itamuuliza hati ya ardhi, na hana.