Taa Iliyosema Uongo

Mtambo ukiharibika, wa kwanza kulaumiwa ni aliyekuwa zamu. "Makosa ya kibinadamu," ripoti itasema, na faili litafungwa. Je, aliyebuni paneli yeye si binadamu?

Machi 28, 1979, katika mtambo wa nyuklia wa Three Mile Island, Marekani, vali moja ilikwama wazi na maji ya kupoza kinu yakawa yanatoka. Kwenye paneli taa yake ilizimika, kana kwamba vali imefungwa. Kumbe taa ile haikupima vali. Ilionyesha tu kwamba amri ya kuifunga imetumwa. Kwa zaidi ya saa mbili maji yaliendelea kupotea, na tangu mwanzo kengele zaidi ya 100 ziliwalilia waliokuwa zamu, bila kuwaambia ipi ni ya kufa na kupona. Karibu nusu ya kiini cha kinu iliyeyuka.

Leo tuna skrini za kugusa, lakini wapo wabunifu wanaochora kitufe kinachogeuka kijani kikibonyezwa tu, pampu izunguke isizunguke. Wanauita huo urahisi wa kutumia. Urahisi kwa nani? Mhandisi mwenye glavu zilizolowa mafuta, saa tisa usiku, hahitaji skrini ya kupendeza. Anahitaji kuambiwa ukweli wa mashine.

Anayetaka kumtengenezea zana akakeshe naye zamu kwanza. La sivyo, jina lake nalo liandikwe kwenye ripoti.