Huruma Inayoua Dubu

Wako watu wanaodhani kwamba kila ampaye mnyama chakula ni mtu wa huruma. Si kweli, na leo tutalibainisha jambo hili kwa dubu weusi wa Amerika ya Kaskazini, kwani wengi wetu tuna watoto na wajukuu Marekani na Canada, nao huenda misituni kuwatazama.

Ndugu msomaji, yakifika huko majira ya kupukutika majani, dubu hana kazi ila kula. Hula kokwa za mialoni, matunda ya vichakani, mizizi na wadudu, pengine saa 20 kwa siku, akapata hadi kalori 20,000. Amwonaye kwa juujuu humwita mlafi. La! Huyo ni mweka akiba. Baridi ikishuka ataingia pangoni, na huko atakaa miezi, hali wala hanywi, akiishi kwa mafuta ya mwili wake. Dubu waliochunguzwa Alaska, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2011, mapigo yao ya moyo yalishuka kutoka 55 hadi 14 hivi kwa dakika.

Na ajabu zaidi ni jike. Hupandwa mwanzo wa kiangazi, lakini mimba haijishikizi tumboni mpaka karibu Novemba. Ikiwa hakunenepa vya kutosha, mimba haiendelei. Akiwa na akiba, huzaa humo pangoni mwezi wa Januari hivi, akanyonyesha ilhali mwenyewe hali kitu. Hesabu hiyo imepimwa sawasawa. Haikungoja mkate wa mtu.

Basi huja mtu na gari lake, akamrushia mkate ili asogee apigwe picha. Ukimkanya hujibu: "Ana njaa, maskini, nimemhurumia." Huruma gani hiyo? Lau ungemhurumia ungemwacha na kokwa zake. Uliyoyalisha ni macho yako! Mchovya asali hachovyi mara moja. Dubu aliyeonja cha mtu hurudi. Kesho atavunja kioo cha gari, kesho kutwa ataingia jikoni, na mwisho wake ni risasi. Wewe umerudi kwako na picha, yeye amelipa kwa roho yake.

Haya si maneno ya kutisha watoto. Katika hifadhi ya Yosemite, California, wenye kuisimamia wenyewe walikuwa wakiwamwagia dubu mabaki ya chakula ili wageni watazame. Maonyesho hayo yalikomeshwa mwaka 1940, lakini ada ilikwisha kushika, na kwa miaka mingi baadaye dubu waliendelea kuvunja magari, na wengi wakauawa. Tena uchunguzi wa Colorado, uliochapishwa mwaka 2019, ulionyesha kuwa dubu waliokula zaidi vyakula vya watu walilala muda mfupi zaidi, na waliolala muda mfupi chembe za miili yao zilichakaa zaidi. Hiyo ndiyo faida ya ukarimu wetu.

Kutazama hatukukatazi, yumo mafunzo mengi ndani yake mnyama huyu. Lakini mtazameni kwa mbali, na darubini, na chakula chenu na taka zenu mzifungie asipoweza kufungua. Waambieni hivyo watoto wenu walioko huko. Kheri dubu aondoke asikujue, kuliko akujue akafa.