Haki za Watu Kabla ya Safari



Miezi ya Hija ikaribiapo, nyumba zetu huingia katika shughuli njema. Mwenye kusafiri hulipa madeni yake, huandika wasia, huwaachia watu wake masurufu, na huwazungukia majirani akiwaomba radhi. Yote hayo ni kutimiza haki za watu kabla ya kuiendea Nyumba ya Mwenyezi Mungu. Mwezi huu twapenda kuongeza mambo mawili ambayo wengi wetu huyahesabu kuwa ni usumbufu wa makaratasi tu, nayo ni chanjo na bima. Sisi twaona kwamba hayo nayo ni haki za watu.

Tuanze na chanjo. Serikali ya Saudi Arabia humtaka mwenye kwenda Hija au Umra awe amechanjwa homa ya uti wa mgongo, chanjo ya aina nne za vijidudu, yaani A, C, W na Y, siku zisizopungua 10 kabla ya kufika. Mwenye kutoka nchi zenye homa ya manjano, kama vile Kenya, Uganda na Kongo, hutakiwa pia kuonyesha kadi ya manjano, nayo haihesabiwi kuwa sahihi ila zipite siku 10 tangu kudungwa sindano. Tangu Julai 2016 kadi hiyo humtosha mtu umri wake wote. Ama chanjo ya uti wa mgongo ina mwisho: iliyo mpya hukubaliwa kwa miaka 5, na ile ya zamani kwa miaka 3. Basi aliyehiji zamani asitegemee cheti chake kilichokaa kabatini.

Siku hizo 10 hazikuwekwa kwa ukaidi. Sindano haimkingi mtu saa ile ile; mwili huhitaji muda wa kujitengenezea kinga. Anayechanjwa jana na kupanda ndege leo amebeba karatasi, hakubeba kinga.

Na khatari yenyewe si ya kubuni. Mwaka 1987 homa ya uti wa mgongo ilizuka baina ya mahujaji Makka. Mwaka 1989 ikazuka Nairobi, na wataalamu walipovichunguza vijidudu wakaona ni vya ukoo mmoja na vile vya Makka. Mwaka 2000 ikaja aina nyingine, ile ya W, ambayo chanjo ya siku hizo haikuizuia. Wagonjwa walipita 400 katika nchi mbali mbali, na wengi wao hawakuwa mahujaji. Walikuwa wake, watoto na jamaa waliobaki nyumbani. Vijidudu hivi huweza kukaa kooni na puani mwa mtu mzima asiyehisi lolote, kisha vikamwangusha aliye karibu naye. Baada ya misiba hiyo ndipo chanjo ya aina nne ikafanywa sharti.

Hapa ndipo tulipotaka kufika. Haji arudipo, sisi humpokea kwa kumkumbatia, na kitu cha kwanza atakacho ni kumpakata mjukuu wake. Sasa tumfikirie yule aliyeinunua kadi bila ya kudungwa sindano, kwa sababu alichelewa au aliiogopa. Amemdanganya askari wa uwanja wa ndege, hilo ni moja. Lakini amewafanyia khiyana wenziwe wa hema moja kule Mina, na yule mtoto wa nyumbani asiyejua kitu. Huo ni ushahidi wa uongo ulioandikwa, na haustahili kuwa masurufu ya safari ya ibada. Asiyefaa kuchanjwa homa ya manjano kwa sababu ya maradhi, daktari anaweza kumwandikia cheti cha udhuru. Na aliyepita miaka 60, asichanjwe chanjo hiyo mara ya kwanza ila daktari amtazame kwanza.

Wako watakaosema, "Sisi twamtegemea Mwenyezi Mungu." Nasi pia. Lakini Sayyidna Umar (r.a.), alipokuwa njiani kwenda Sham na kufika Sargh, alipata khabari ya tauni, akashauriana na Masahaba, akarudi. Alipoulizwa kama anakimbia kadari ya Mungu, jawabu yake ilikuwa kwamba anatoka katika kadari ya Mungu kwenda katika kadari ya Mungu. Kujikinga, basi, hakukuwa kinyume cha imani.

Ama bima, twajua kwamba wengi huikhofu kwa ajili ya riba na gharari, na khofu yao ina asili. Baraza la Fiqhi la Kiislamu, katika mkutano wake wa Jeddah mwaka 1985, liliikataa bima ya biashara, likaielekeza umma kwenye bima ya kusaidiana, ndiyo takaful. Katika takaful washiriki huchangia mfuko kwa nia ya kusaidiana, na msimamizi huuendesha kwa ujira unaojulikana. Takaful yapatikana leo Kenya na Tanzania, basi anayetaka njia safi aiulizie kabla ya kukata tamaa.

Na atakayeipata asome aliyotia sahihi. Bima iliyofungamanishwa na viza ya Umra ni ya ndani ya Saudi Arabia. Haimfuati mtu akienda kumtazama nduguye Maskati au London. Mwenye kwenda nchi za Schengen huko Ulaya hutakiwa awe na bima ya matibabu isiyopungua yuro 30,000. Mwenye kisukari au shinikizo la damu ayataje maradhi yake mapema, kwani akiyaficha, huenda asilipiwe siku ya dhiki. Tena aulize: je, ikinifika ajali, nani atanirudisha? Mara ngapi msikitini tumepitisha bakuli kumchangia mgonjwa aliyezuiliwa ugenini na gharama za hospitali, au maiti asubiriwaye na mamaye? Deni lile huwaangukia watoto, nao hawakuliandika.

Kwa hiyo twawausia wasomaji wetu: safari ikishajulikana, mwende mkachanjwe mapema, wiki sita kabla ikiwezekana. Cheti kiwekeni pamoja na pasi, na nakala yake na ya bima muiache nyumbani kwa mtu muaminifu. Kisha ombeni radhi za majirani, mkiwa mmewapa radhi hiyo kwa vitendo.

Mwenyezi Mungu awafikishe salama, azitakabali ibada zenu, na awarudishe kwa watoto wenu na mikono isiyo na khatari kwao. Amin.